Kimoja

Saa tatu asubuhi, Ghubra, nje joto arobaini na sita,
usukani wa gari tumeufunika taulo.
Ndani, katika tangi la chuma,
vimelala viinitete vyetu viwili
kwenye baridi isiyo na jina kwa Kiswahili:
barafu, kwake, ni uji wa moto.

Daktari Ibtisam alianza kwa Kiarabu.
Aliposikia nikimwambia Humoud "sogea kidogo"
akacheka, akahamia kwetu:
"Basi tusemeni. Kimoja, au viwili?"

Yeye anasema viwili.
Mama mkwe, tangu juzi, kwenye simu, anasema wawili.
"Waweke wawili, Salha, uzae mara moja upumzike.
Kidole kimoja hakivunji chawa."
Kati ya vi ya huyu na wa ya yule
ndipo nilipokaa, miguu haifiki chini.

Ipo methali ningeweza kumjibu,
ile ya mshika mawili.
Siitamki. Ilikwisha kunitamka yenyewe
miaka sita iliyopita, wiki ya ishirini na saba,
usiku wa kuamkia Ijumaa.

Wakati ule tuliweka viwili. Hatukulazimishwa, tuliomba.
Humoud alipiga hesabu: dawa, likizo,
sindano zilizojaa kwenye friji nyuma ya ndimu.
"Gharama ni ile ile, tupate wawili."
Shangazi Thuwaiba akashona kanzu mbili,
vishada viwili, kila kimoja urefu wa njiti ya kiberiti.
Nisiseme uongo. Nilifurahi kuliko wote.

Presha ikapanda. Miguu ikavimba hata kandambili zikakataa.
Kisha taa, kisha baridi ya mkasi,
kisha sauti ya mtu akisoma mizani:
gramu mia tisa na kumi.
Gramu mia saba na thelathini.
Mchele ninaoupima kwa chakula cha mchana
huwa unazidi hapo.

Yaqdhan aliishi siku kumi na saba
katika sanduku la kioo lenye matundu mawili ya mikono.
Nilimjua kwa ncha ya kidole.
Humoud alimbeba peke yake hadi makaburini Amerat;
hakuwa mzito wa kupokezana.

Mundhir yupo. Ana miwani minene na maswali ya kadhi.
Hukimbia akiinamia upande mmoja
kama anayesikiliza kitu.
Jana alifungua droo: "Hii kanzu ya nani? Hainitoshi."
Nikamwambia, ya ndugu yako.
Akaikunja vibaya, akairudisha.

Daktari haniogopeshi. Anachora kwa kalamu ya risasi
tumbo lenye duara moja, tumbo lenye duara mbili,
na lile la pili analiandikia pembeni, herufi ndogo ndogo:
presha, sukari, damu, kuzaa kabla ya wakati.
Kingine kitangoja, anasema; baridi haikizeeshi.
Kama hiki hakikushika, tutarudi kwa kile.
"Mimi sitaki kukupa mimba, bibie. Nataka kukupa mtoto,
na mtoto nimpe mama."

Namtazama Humoud, mtu wa hesabu.
Amevua kofia, anaizungusha magotini,
anahesabu vitobo vya nakshi, kimoja kimoja.
"Kimoja," anasema,
na sauti inamkatikia kwenye ki.

Fomu ni ya Kiarabu, mstari wa kujaza mfupi.
Naandika wahid.
Neno hilo halinilazimishi kuchagua
kati ya kitu na mtu.

Simu inatetemeka mkobani. Mama mkwe.
Nitampigia jioni, nikishapata maneno,
au nitampa Mundhir azungumze naye.

Sasa nimelala chali. Kwenye kioo, katika giza la kijivu,
nukta ya mwanga inashuka polepole,
ndogo kuliko chembe ya chumvi.

"Kile pale," anasema daktari.
Anasogea karibu na kioo, anapangusa miwani yake.
"Yule pale."